Mzee Kumbe na Bi Kwa Nini

Kwa miaka kumi na tisa Mzee Kumbe aliandika mchezo wa redio wa kila Jumamosi saa nane mchana, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza swali gumu kuliko lile la wiki ijayo kutatokea nini, swali ambalo hata yeye alikuwa akijiuliza. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye faili la ofisi. Watu walimwita Kumbe kwa sababu kila kipindi chake kiliishia hapo: kumbe mlinzi wa getini ndiye baba mzazi! Kumbe barua ilidondoka nyuma ya kabati! Kumbe aliyezikwa si yeye! Akipita sokoni, wauza nyanya walimpigia kelele "Kumbeee!", naye akijifanya anaona haya huku roho ikimsuuzika.

Msidhani alikuwa mjinga. Alikuwa na mbinu moja tu, na mbinu hiyo haikuwahi kumtupa: mambo yakikwama, anamleta mtu. Shujaa akifungiwa ndani, anapita jirani mwenye ufunguo unaofanana. Mgonjwa akikaribia kukata roho, anatokea daktari aliyepotea njia. Alipenda kusema kwamba bahati ndiyo mfanyakazi pekee wa kituo kile asiyechelewa kazini.

Basi akaletwa mkuu mpya wa vipindi, binti wa miaka thelathini na kidogo, mwenye adabu mpaka inatisha. Alimwamkia shikamoo, akamvutia kiti, akafungua daftari. Alikuwa amekaa wiki nzima na visikizio masikioni, akisikiliza mchezo wote uliokuwa hewani mwaka wa nne sasa.

"Mzee wangu," akaanza, "huyu binti yatima. Urithi wake umeandikwa kwenye barua, na barua imo ndani ya sanduku, chini ya kitanda cha shangazi yake."

"Ndiyo."

"Na yeye ndiye anayefagia chumba hicho kila asubuhi."

"Ndiyo. Mateso yale, unaona."

"Kwa nini hafungui sanduku?"

Mzee Kumbe alitazama dari. Dari haikuwa na jibu.

"Akilifungua, hadithi itaisha," akasema mwishowe.

"Kwa hiyo nchi nzima inakaa redioni mwaka wa nne kwa sababu msichana mmoja hataki kuinama?"

Jina la Bi Kwa Nini alilipata siku hiyo hiyo kabla ya chai ya saa nne, na hakuonekana kulijali. Alibandika karatasi studioni, juu ya zile trei za mayai zilizopigiliwa ukutani kuzuia mwangwi. Iliandikwa kwa kalamu nene kwamba kuanzia sasa kituo kitatoa hadithi za akili. Humo hakuna mtu atakayekuwa mjinga kwa ajili tu ya kuisogeza hadithi mbele. Bahati inaruhusiwa kumtia mtu matatani lakini ni marufuku kumtoa. Mwovu naye awe na sababu zake, kwa maana hakuna anayeamka asubuhi akasema leo nitakuwa mwovu. Na chochote atakachotumia shujaa kujinasua, msikilizaji awe amekwisha kukisikia, ili mwenye kichwa aweze kulifumbua jambo kabla ya shujaa.

"Akilifumbua kabla yetu, atakaa anasikiliza nini?" Mzee Kumbe aliuliza.

"Atakaa asikie kama amepatia. Ukiona vyaelea, vimeundwa, mzee. Mimi nataka vyetu viundwe." Kisha, kwa upole ule ule, "Nakupa vipindi vinne. Ukiviweza, tunaendelea pamoja. Usipoviweza, nitakuaga kwa heshima zote."

Hizo heshima zote ndizo zilizomnyima raha. Alikuwa na miaka hamsini na nane na hakujua kazi nyingine. Kilichomuuma zaidi ni kufikiria Jumamosi saa nane, redio zote mtaani zikiwaka, na yeye akiwa msikilizaji kama watu wengine.

Nyumbani alimweleza mkewe habari ya sanduku. Mkewe alikuwa anakunja nguo, akakunja na hilo shuka la mwisho ndipo akajibu.

"Baba watoto, hata mimi nilikuwa najiuliza. Nikadhani labda lina siafu."

"Na hukusema?"

"Ningesema nini? Umeshaandika."

Basi akakaa mezani siku tatu, akaandika hadithi ya akili. Yatima aliinama, akafungua sanduku. Halikuwa na barua, maana shangazi mwenye akili haachi barua ya namna hiyo kwa mtu anayefagia. Yatima hakulia. Alikwenda ofisi ya ardhi kuuliza nakala. Karani, ambaye hakuwa na faida yoyote ya kudanganya, alimpa. Njiani wingu lilitanda, na kwa kuwa alikuwa amelitazama kabla ya kutoka, alikuwa na mwavuli. Kijana aliyempenda kimyakimya kwa vipindi sitini alimwambia kwamba anampenda. Yatima akasema atafikiria. Shangazi, alipoonyeshwa nakala, aliona hana kesi, akafungasha.

Mchezo wa dakika kumi na tano ulichukua dakika nne na sekunde kumi. Fundi wa sauti, waliyemwita Fundi Mvua kwa sababu ya sinia lake la mtama alilolitikisa kutengeneza mvua, alikuwa ameandaa dhoruba ya nguvu, na hakuna mtu aliyeloa. Dakika zilizobaki zilijazwa muziki. Mtangazaji aliomba radhi kwa hitilafu ya mitambo.

Bi Kwa Nini hakukasirika. "Nimeusikiliza mara mbili, hakuna kosa hata moja. Lakini umeutoa ujinga, mzee, hujaweka kitu mahali pake. Zamani waligombana kwa sababu mmoja haoni. Sasa wote wanaona. Lazima wagombane kwa sababu kuna kitu kimoja na wote wawili wanakitaka."

"Nitajuaje wanachokitaka?"

"Waulize wenyewe." Akawageukia waigizaji wawili, wa shangazi na wa yatima. "Jumamosi hii haihesabiki, watasema ni mitambo. Kuanzia kesho kila mmoja amfikirie mtu wake. Akili ni nywele, kila mtu ana zake."

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na lilikuwa kosa ambalo wenye akili tu ndio wanaoweza kulifanya. Kumpa mwigizaji akili ya mtu wake ni kumwambia mbuzi ajitetee mwenyewe kwa mchinjaji. Atajitetea, tena vizuri.

Shangazi katili alikuwa shemeji yake Mzee Kumbe, dada mkubwa wa mkewe, mwanamke mrefu mwenye sauti moja nzito inayofanya hata "karibu" isikike kama onyo. Kwa miaka minne watu walikuwa wakihama foleni ya dukani wasisimame karibu naye. Alikuja na daftari la mraba lililojaa pande zote mbili.

"Mnamwita katili," akasema. "Alimpokea mtoto wa miaka mitatu, ana surua. Amebadilisha bati mara mbili. Barua inasema nyumba ni ya binti siku atakayoolewa, sivyo? Haya, huyo mchumba mliyemleta mmemwona? Mtu anauza baiskeli ya mama yake! Mimi sifichi barua kwa roho mbaya. Naificha mpaka apatikane mwanamume mwenye kichwa."

Mzee Kumbe alikuwa amemwuzisha yule mchumba baiskeli ya mama yake kwa sababu tu alikosa la kuandika wiki hiyo.

Yatima naye alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na sita, ana wajukuu wawili, na koo lililobaki na miaka kumi na saba. Ndilo koo alilolitumia saa za chai kumwigiza shemeji mpaka Fundi Mvua apaliwe. Hakuwa na daftari.

"Mimi barua niliisoma nikiwa na miaka tisa," akasema.

Shemeji aliinua macho kutoka kwenye daftari lake.

"Nafagia pale kila siku, mnadhani sina macho? Niliisoma, nikairudisha na mkunjo wake. Shangazi akidhani sijui, ananitunza ili nisije nikauliza. Siku akijua kwamba najua, tutakuwa maadui chini ya bati moja. Mimi sikushindwa kuinama, mkuu. Nilikuwa nanyamaza."

Walirekodi papo hapo, bila karatasi. Wanawake wawili wanakunja nguo, basi, hakuna kingine. Shangazi anauliza kama chini ya kitanda pamefagiwa. Pamefagiwa, shangazi. Vizuri? Palipofagilika. Na huyo kijana wako, anasema harusi lini? Hajasema, shangazi, anangoja nimwambie nina nini. Kila neno lilikuwa la nyumbani, na kila neno lilikuwa na wembe. Fundi Mvua alisimama na sinia mkononi akasahau kunyesha.

Nyuma ya kioo, Mzee Kumbe aliona wivu, na aliona furaha, vyote kwa pamoja. Ilikuwa nzuri kuliko chochote alichowahi kuandika, naye hakuwa ameandika hata nukta.

Jumatatu simu za kituo zilikuwa hazishikiki. Nusu ya wasikilizaji walikuwa upande wa shangazi. Shemeji alisimamishwa njiani na akina mama waliotaka ushauri kuhusu wachumba wa binti zao, na dukani alisogezwa mbele ya foleni. Mzee mmoja tu ndiye aliyelalamika. "Zamani nilikuwa nasikiliza huku napiga pasi," alisema. "Sasa nimeunguza suruali nikifikiri. Turudishieni bahati yetu." Mzee Kumbe aliomba namba ya mtu yule, lakini hakumpigia.

Vipindi vinne vikaisha hivyo hivyo, vyote bila kalamu yake. Siku ya kuhukumiwa, Bi Kwa Nini aliwaita wote studioni.

"Kwa kanuni zetu," akasema, "hakuna anayebaki kwenye hadithi bila kazi. Mzee wangu, kazi yako ni ipi?"

Mzee Kumbe aliutazama mlango. Kwa miaka kumi na tisa, ilipofika dakika kama ile, alimwingiza mtu. Akangoja kidogo, kwa mazoea. Hakuna aliyeingia. Akamtazama shemeji yake.

"Shemeji," yule mwanamke akasema, "unajua nakupenda. Ulimwoa mdogo wangu na hujamrudisha. Lakini mkuu kauliza kwa akili, na mimi nitajibu kwa akili. Shangazi namfikiria mimi. Yatima anajifikiria. Mvua anayo Fundi. Wewe unakuja na kalamu, unaondoka na kalamu."

Maneno yalimchoma, na ubaya wake ni kwamba yalikuwa ya kweli. Hapo Mzee Kumbe akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aajiriwe. Alifikiri.

"Shemeji, Jumamosi ijayo shangazi atafanya nini?"

Shemeji alifungua daftari, akafungua na mdomo. Kisha akamwona Yatima amekwisha kusogeza kiti. Akavifunga vyote viwili.

"Sisemi mbele yake."

"Mwambie mkuu, faraghani."

"Mkuu ndiye anayeamua nani abaki na nani atoke. Nani anamwonyesha hakimu karata zake?"

"Fundi je?"

Fundi Mvua alicheka mwenyewe. Kila mtu alijua kwamba siri ya Fundi husikika hadi kantini.

"Basi mkiambiana yote, mtapatana," Mzee Kumbe akasema, na akajishangaa jinsi sauti yake ilivyotulia. "Mkipatana, ni dakika nne na muziki, tumeshaona. Lazima awepo mtu anayejua ya huyu na ya yule, ayapange yakutane, na asimwambie yeyote. Asiwe na sauti kwenye mchezo. Asiwe na cheo. Awe mtu ambaye nyote mnamwona hana madhara. Mwingine wa namna hiyo mnaye?"

Bi Kwa Nini aliandika muda mrefu, akapiga mstari, akainua uso. "Hamna bahati humo hata chembe," akasema, na akamwinukia kumpa mkono. Siku hiyo Mzee Kumbe alitembea kwenda nyumbani kifua mbele kama aliyeitwa na rais. Mkewe alicheka mpaka akakaa chini, akataka asimuliwe tena kuanzia pale kwenye "hana madhara".

Jumatatu wakaanza kuja, mmoja mmoja, kwenye kijichumba chake chenye meza na kiti kimoja. Wa kwanza alikuwa shemeji. Alisimama, akaegemea mlango. Shangazi amekata shauri, akasema. Barua itajulikana karibuni, bora amalize mapema: atamwekea binti sumu kwenye chai. Sababu zake zilikuwa sita na zote zilikaa sawa. Mzee Kumbe aliziandika.

Baada ya nusu saa akaja Yatima, na yeye amekata shauri. Sumu. Chai. Birika lile lile, Jumamosi ile ile.

Alibaki akicheka peke yake, mkono mdomoni, kwa raha ya mtu aliyeshika kamba mbili. Alikuwa bado anacheka alipoingia Bi Kwa Nini na kufunga mlango.

"Mzee, matangazo ya biashara yameongezeka. Kuanzia mwezi ujao mchezo utakuwa wa dakika nane. Dakika nane haziwatoshi wanawake wawili wenye akili. Atabaki mmoja, mwingine hatutamrudisha." Akafunga daftari. "Mimi siwezi kuchagua, sijui yaliyo moyoni mwao. Wewe unayajua. Chagua kwa akili."

"Na kama siwezi?"

"Basi nitauliza tena kazi yako ni ipi."

Alikaa mbele ya karatasi tupu asubuhi nzima. Zamani angemleta paka. Paka angeruka dirishani, akaliangusha birika, chai ikamwagika, mende akailamba akafa, kumbe! Na wote wangepona. Kwa miaka kumi na tisa watu wenye elimu walikuwa wamemcheka kwa sababu ya paka wa namna hiyo, na yeye mwenyewe aliamini kwamba alikuwa akimleta kwa uvivu. Sasa aliona haukuwa uvivu. Paka alikuwa ndiye njia yake ya kutomchagua mtu. Birika likipigwa na paka, hakuna wa kulaumiwa, na watu wote mnakula pamoja Jumapili.

Akafikiri, kwa kuwa hakuwa na la kufanya ila kufikiri. Shemeji ana sauti moja. Yatima anazo mbili, yake na ya shemeji, na kama shangazi atahitajika ndotoni, Yatima ataziba pengo. Nyumba bila binti haina mrithi, kwa hiyo haina ugomvi. Nyumba bila shangazi inabaki na msichana mwenye siri, na siri hiyo inaweza kula miaka miwili. Aligeuza jambo juu, akaligeuza chini. Alijaribu hata kufanya ujanja, akabuni sababu ya uongo, akaitupa. Kila njia ilimleta kwenye kikombe cha shangazi. Mwisho akaandika kwamba shangazi alikunywa.

Alhamisi, kabla ya kurekodi, shemeji alisoma ukurasa wake polepole mpaka chini, akarudi juu, akasoma tena. Alikuwa anatafuta mwanya, na Mzee Kumbe, Mungu amsamehe, alikuwa anaomba aupate.

"Hakuna kosa," shemeji akasema.

Alikunywa chai ya mchezo, akafa kwa ustadi, bila kelele nyingi. Kisha akampa Fundi mkono, akamkumbatia Yatima ambaye alikuwa analia kwa koo lake la miaka kumi na saba, akachukua mtandio wake. Alipompita Mzee Kumbe hakumkunjia uso.

Nyumbani mkewe alikuwa ameketi mezani, simu mbele yake. Dada alikuwa amempigia.

"Kwa nini?" akauliza.

Mzee Kumbe alikuwa amejiandaa. Alimweleza habari ya dakika nane. Alimweleza habari ya sauti moja na sauti mbili, ya mrithi, ya siri. Mkewe alisikiliza kila sababu mpaka mwisho, na kila ilipoisha akatikisa kichwa kukubali, mpaka mzee akaanza kupata nafuu moyoni.

"Ni kweli," mkewe akasema. "Kila moja ni kweli." Akasimama, akachukua mkoba wake kwenye msumari. "Ungeniambia ni bahati mbaya tu, imetokea, leo ningelia na kesho ningekupikia. Lakini umekaa chini, ukafikiri vizuri, ukamchagua dada yangu. Nakwenda kwake. Sijui nitarudi lini."

Alisikia viatu vyake vikishuka ngazi, kisha geti. Alibaki amesimama pale pale kando ya meza, akiyapitia maneno ya mkewe moja baada ya jingine, akitafuta kosa. Aliyapitia mara mbili. Hakuna hata moja.